Ondrej Akicheza kwenye Harusi ya Verona

Brennock, Pennsylvania
14 Januari 1951

Mwanangu Matuš,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo usicheke mwandiko. Irenka atanisaidia anwani tu, maana majina ya mitaa ya huko kwenu yananivunja kalamu.

Sisi hatujambo kiasi. Dada yako Verona anakusalimu. Mgongo unamsumbua tangu kiwandani waanze kushona makoti ya jeshi. Mumewe Štefan anakusalimu, mgodi unampa siku mbili za kazi kwa wiki na siku zilizobaki yuko hapa ananikanyagia sakafu niliyopiga deki. Binti yao Irenka anakusalimu sana, anafundisha shule ya parokia, na mchumba bado, lakini usimwandikie kwamba nimekwambia. Padri Cyril anakusalimu na anauliza kama huko California mnakwenda misa. Nimemjibu mnakwenda. Hedviga Pavlik wa nyumba ya pili anakusalimu, na sasa hasemeki: wamesimamisha mlingoti juu ya mlima, waya umeshuka mpaka jikoni kwake, ana televisheni. Kila jioni lazima mtu akasifie. Dorothy mkeo msalimu. Sijamwona uso lakini nimemshonea foronya mbili, nitazituma kabla ya Pasaka.

Baba yako hajasema nikusalimu. Unamjua. Lakini safari hii ana neno kwako, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kifua kimemkalia vibaya, Matuš. Halali tena kitandani, analala ameketi karibu na jiko, na anachotema ni cheusi kama wino, vumbi la makaa ya mgodi. Daktari alimtazama, akanitoa nje barazani, akaniambia nisimtegemee kufika msimu wa kuchuma cheri. Juzi namnywesha supu, akanisukuma mkono. Akasema, “Zuzana, ile picha.”

“Picha gani?”

“Aliyopiga huyo mwanao.” (Huyo mwanao! Kama vile nilikuokota mwenyewe sokoni.) “Ya Ondrej akicheza. Nataka niione.”

Nikaweka kijiko chini. Tangu ulipoondoka na yule mtu wa sinema ya kuzunguka, tangu ulipobadilisha na jina letu, baba yako hajawahi kukuomba hata kiberiti. Sasa anaomba.

Na unajua hatuna kingine. Wengine wote hapa wana angalau picha ya jeneza, jamaa wamesimama kulizunguka, nakala moja ukutani na nyingine inakwenda kwa ndugu Slovakia. Ndugu yako Ondrej hakupata jeneza. Kampuni iliziba mgodi kuua moto, na yeye mle ndani, yumo hadi leo. Uso wake uko kwenye mkanda wako tu, ule wa harusi ya Verona, uliporudi mara ile ukasimamisha kamera yako ya miguu mitatu uani ukawa unazungusha mpini na kuimba chini chini ili mkono usipoteze mwendo. Uliahidi utauleta. Kila nilipouliza ulisema uko kwenye ghala la studio, uko salama. Sikukusumbua. Sasa nakusumbua.

Ulete, mwanangu. Baba yako aone uso wa Ondrej kabla hajafumba macho. Nijibu upesi, kila treni ikipiga honi naangalia dirishani.

Mama yako,
Zuzana


Hollywood, California
27 Februari 1951

Mama mpendwa,

Barua yako ilinifikia, nisamehe kuchelewa. Dorothy anawasalimu nyote na anashukuru kwa foronya ambazo bado hajaziona. Tuko wazima. Mvua imenyesha hapa wiki nzima na barabara zote ni tope.

Kazi imebadilika. Nimeacha filamu kubwa, au zimeniacha, sema upendavyo. Sasa niko televisheni. Napiga kipindi cha kuchekesha, kamera tatu kwa pamoja, watu wameketi mbele wakicheka, tunamaliza kwa siku mbili kile ambacho zamani kilinichukua mwezi. Hedviga huenda ananitazama bila kujua. Mwambie alitafute jina la Matt Harbin mwishoni, lakini asipepese macho, linapita haraka kama nzi.

Nimesikitika kuhusu Baba. Je, mmempeleka hospitali ya wilaya? Kuna dawa mpya siku hizi. Mwambie Štefan aulize.

Kuhusu ule mkanda, nitautafuta. Studio imehamisha maghala mara kadhaa na mambo hayako kama zamani, lakini nitautafuta. Mwambie Baba apumzike.

Wenu,
Matuš


Brennock
9 Machi 1951

Mwanangu Matuš,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua iliyopita hukuitikia. Nimesema moyoni ni haraka za kazi.

Verona anakusalimu, mgongo vilevile. Štefan anakusalimu. Irenka anakusalimu na anasema nikuulize kama wale waigizaji ni wazuri hivyo kweli au ni wewe. Padri Cyril anakusalimu. Hedviga alikaa mpaka mwisho wa kipindi, pua imegusa kioo, akasema kuna Harbin kweli, lakini inaweza kuwa Harbin yeyote.

Nilimsomea baba yako barua yako. Nilipofika kwenye hospitali alipunga mkono nipite. Nilipofika kwenye “nitautafuta” akasema, “Soma tena hapo.” Nikasoma tena. Akauliza, “Itakuwa na sauti?”

Nikamwambia enzi zile sinema hazikuwa na sauti.

“Afadhali,” akasema. “Ondrej alikuwa anaimba kama mlango mbovu.”

Akacheka mpaka kifua kikambana, nikampiga mgongoni. Sijamsikia akilitaja jina hilo kwa kicheko tangu mgodi uzibwe.

Sasa habari imetoka, siwezi kuirudisha. Padri amekubali kutupa ukumbi wa parokia, na Irenka ataendesha projekta ya shule. Baba yako amewaambia wazee wote aliofanya nao kazi. Wanakuja. Suti yake ya Pasaka nimeitoa, nimeianika barazani itoke harufu ya kafuri, inamning'inia kama imevalishwa ufagio, lakini anaitaka hiyohiyo.

Matuš, mimi ni mama yako, nilikuwa najua umevunja kikombe kabla sijaingia jikoni. Barua yako ina mahali inapita mbio. Kama kuna jambo kuhusu huo mkanda, niambie mimi sasa, kabla baba yako hajavaa suti. Nitajua namna ya kumwambia. Mimi naweza kubeba.

Andika upesi.

Mama yako,
Zuzana


Hollywood
19 Aprili 1951

Mama mpendwa,

Foronya zimefika, Dorothy amezitandika siku hiyohiyo. Huyu hapa Ondrej.

Nimeuhamishia kwenye mkanda mwembamba wa kisasa, hauwaki moto kama ile ya zamani, na projekta ya shule itauchukua bila shida. Ni mfupi. Ulikuwa umechakaa, kwa hiyo mtaona mikwaruzo na sehemu nyingine giza. Irenka asiusimamishe katikati, auache uende.

Mwambie Baba ni zawadi kutoka kwangu.

Matuš


Brennock
6 Mei 1951

Mwanangu Matuš,

Tumsifu Yesu Kristo. Leo sina salamu za kila mtu. Wote wapo, wote wanakusalimu, niache niseme.

Tumeonyesha picha yako leo baada ya misa. Štefan na mwanamume mwingine walimbeba baba yako kwenye kiti mpaka ukumbini. Alikuwa amenyolewa, ana kijitawi cha rozmari kifuani kama mtu anayekwenda harusini kweli. Wazee walijipanga nyuma yake. Akina mama tulileta pirohy, yale maandazi yetu ya viazi ya kuchemsha, na keki ya mbegu za popi, ukumbi mzima unanuka siagi. Irenka akazima taa.

Nikaona ua. Nikaona meza, wapiga fidla, bibi harusi amefunikwa shela usoni. Halafu akatokea kijana amevaa kofia yenye utepe, jua liko nyuma yake, nywele zinawaka kama ngano. Akacheza. Mungu wangu, alivyocheza! Nilianza kulia kabla sijaangalia vizuri. Nilikuwa natafuta uso na uso unakuja na kuondoka kivulini, unakuja na kuondoka, na mimi nasema huyo, huyo, huyo.

Muziki ukaisha, kijana akapumzika. Akavuta kiti. Akakaa, akaweka mguu mmoja juu ya mwingine.

Nikasikia wazee nyuma wananong'onezana.

Matuš, tangu lini mchimbaji akavuta kiti? Mtu anayeshinda amejikunja chini ya mwamba uliomfika kiunoni, akitoka nje mwili wake haujui kiti. Anachuchumaa. Anachuchumaa ukutani akisubiri mshahara, anachuchumaa nje ya kanisa, wale wazee walikuwa wamechuchumaa mle ndani ya ukumbi wakati viti vipo tele. Ondrej alichuchumaa kwenye harusi ya Verona, na suti ya kuazima, nikampigia kelele magoti ya suruali yatachanika, akaniambia, “Mama, ukikaa wewe inatosha.” Wewe mwenyewe ulichuchumaa hivyo mpaka siku unaondoka. Umesahau?

Baba yako alitazama mpaka mwanga ukabaki mweupe mtupu. Halafu akaniinamia.

“Anacheza vizuri,” akasema. “Mtoto wa nani huyo?”

Nikamwambia, “Ni Ondrej wetu, Jano.”

Akanitazama muda mrefu. Na mimi nikamtazama, sikupepesa. Miaka yote ya ndoa sijamdanganya ila leo.

“Haya,” akasema. “Kama wewe unasema ni Ondrej, haya.”

Akaomba arudishwe nyumbani. Pirohy hakugusa.

Jioni Hedviga alipita nyuma ya ua, bila kitambaa kichwani, amekimbia. “Zuzana, usinichukie, lakini yule kijana namjua. Yumo kwenye televisheni yangu. Anapiga mswaki halafu anacheka.” Nikamwambia aende zake. Baadaye nikamfuata kumwomba radhi, maana yeye ana kosa gani?

Sikuulizi kwa nini. Nakuuliza kitu kimoja tu: Ondrej wangu yuko wapi? Jibu upesi, baba yako anahesabu pumzi.

Mama yako,
Zuzana


Hollywood
2 Julai 1951

Mama,

Milele amina. Nimechelewa kuitikia, najua.

Pole kwa msiba wa Baba. Telegramu ya Verona ilinikuta tuko katikati ya kazi. Ningetoka siku ile, nisingekuta nafasi yangu kesho yake. Nje ya mlango wa studio kuna vijana wamesimama, hawajawahi kuzungusha mpini maishani mwao, na wote wanataka kiti changu. Huo si udhuru. Nakueleza tu palivyo.

Hedviga ana jicho kali. Kijana anaitwa Dale, ni wa tangazo la dawa ya meno.

Mkanda wa Ondrej haupo. Haupo tangu sauti ilipoingia kwenye sinema. Niliupiga kwa vipande vilivyobaki vya mikanda ya studio, nikausafishia kwao, ukakaa ghalani kwao na zao. Filamu za kimya zilipokosa mnunuzi walizichovya zote kwenye dawa ili wavune madini ya fedha yaliyomo ndani, kilichosalia kikatupwa. Hawakumchagua Ondrej, Mama. Waliosha kila kitu. Nilipanda juu ya paa za treni na kamera begani, nilijifunga kwenye mbawa za ndege, nilifanya wanawake walie nchi nzima kwa sababu tu nilijua pa kuweka taa moja. Ukiniambia leo nikuonyeshe kazi yangu ya miaka ile, sina hata dakika tano. Sasa napiga picha chumba cha jiko cha maigizo ambacho hakina kivuli popote, kwa sababu mwenye kiwanda cha sabuni ndiye anayelipia na anataka kila kona ing'ae.

Ningewezaje kumwambia Baba? Alisema siku naondoka kwamba nakwenda kukamata upepo. Nimwandikie kwamba alisema kweli?

Kwa hiyo nikafanya ninachojua. Niliazima ua na kamera ya zamani, nikazungusha mpini mwenyewe kwa mkono huu. Nilimsimamisha yule kijana jua likiwa mgongoni, na nilipomtazama kupitia kamera, nakuapia, nilimwona Ondrej. Nilidhani Baba naye atamwona. Alikuwa anakufa. Nani angedhurika?

Matuš


Brennock
15 Julai 1951

Mwanangu Matuš,

Tumsifu Yesu Kristo.

Verona anakusalimu. Štefan anakusalimu. Irenka anakusalimu, amepata mchumba, fundi wa zile nyaya za televisheni, sasa unaweza kumwandikia. Padri Cyril anakusalimu, sikumwambia kitu. Hedviga anakusalimu na siku hizi likija lile tangazo la mswaki ananizimia.

Baba yako tulimzika kwa heshima. Wazee walimbeba wenyewe, wakipokezana kila hatua chache maana hakuna mwenye pumzi. Tulipiga picha kwenye jeneza kama desturi. Upande wangu wa kulia niliacha nafasi yako. Mpiga picha akasema, “Mama, sogea, hilo pengo linaharibu picha.” Nikamwambia alipige hivyohivyo. Nakala yako nimeiweka kwenye bahasha hii.

Umeuliza nani angedhurika. Nitakujibu, na nimekaa na hili siku nyingi ili nisiandike kwa hasira.

Mimi sikuwa na picha ya Ondrej, lakini nilikuwa na Ondrej. Nikifumba macho nikimenya viazi, alikuwa anakuja. Na sikio lake lililosimama, na lile jino lililokatika, na mabega mafupi ya baba yako. Hakuwa mzuri, Matuš. Alikuwa na sura kama kiazi, na nilimpenda hivyo. Sasa nikifumba macho anakuja huyo Dale. Na meno yake. Ananivutia kiti, anakaa, anapandisha mguu. Namfukuza, namwambia toka, mpishe mwanangu, na mwanangu haji. Siku nyingine nashindwa kabisa kukumbuka ni sikio la upande gani.

Studio iliosha mkanda. Hao walikuwa watu wa biashara, hawakutujua. Huyu niliyekuwa naye kichwani, umemwosha wewe.

Na ungeniambia! Nilikuuliza mwezi Machi, nikakuambia naweza kubeba. Ningekaa na baba yako karibu na jiko, ningemwambia, Jano, ule mkanda umekufa, na tungelia, halafu angesema unamkumbuka alivyoangusha sufuria ya kabichi kwenye ile harusi, na mimi ningesema namkumbuka. Tungemwona. Badala yake amekufa ananitazama mimi kama mtu asiyenijua.

Eti alisema unakamata upepo. Alisema. Alisema pia, mwaka ule kampuni ilipoleta sinema ukumbini na jina lako geni likatokea, “Huyo ni wangu,” akaondoka kabla watu hawajamwona machozi. Sikuwahi kukwambia kwa sababu alinikataza. Na mimi nina yangu niliyoyaficha, basi.

Sikulaani. Wewe ndiye mtoto wa kiume niliyebaki naye. Lakini nakuomba jambo, na hili usilipite mbio. Mimi nazeeka, miguu imevimba, Padri ameshaanza kunisemesha kwa upole na mimi si mjinga. Siku nikiondoka usitafute bibi kizee wa California ukamfunga kitambaa changu kichwani. Usimsimamishe juani. Usinitengeneze, Matuš. Njoo unitazame sasa, nikiwa na huu uso uliopo, hapa jikoni, pana balbu moja na pana kivuli cha kutosha.

Sitaki barua ndefu. Mstari mmoja tu, na uandike upesi, leo hiihii ukipata hii: unakuja, au huji.

Mama yako,
Zuzana